Maswali ya Wasomaji: Baada ya Kengele ya Mwisho

Katika toleo lililopita tuligusia saa zile ambazo kijana ameshatoka shuleni ilhali wazazi wake bado wako kazini. Barua zilizofuata zilitoka kwa waratibu wa programu za baada ya masomo, yaani zile zinazowashughulisha vijana katika saa hizo, na kwa walimu, wazazi na vijana wenyewe, na nyingi ziliuliza jambo moja kwa njia tofauti: programu hizi zikishaanzishwa, zitaimarishwaje ili zidumu na ziwafae vijana? Nimechagua barua 6. Majibu hayalingani kwa urefu, kwa kuwa uzito wa maswali nao haulingani.

Mfadhili anadai alama za mitihani

*Mimi ni mratibu wa programu ya baada ya masomo kwa vijana wenye umri wa miaka 10 hadi 14. Tulianza na vijana 60. Sasa wanaofika kwa siku hawazidi 25. Mfadhili anataka kuona alama za mitihani zikipanda kabla ya kutoa ruzuku ya mwaka wa pili, na wenzangu wanashauri tuongeze saa za kufanya mazoezi ya mitihani. Je, nifuate ushauri huo?*

Ndugu mratibu, nakuomba usiufuate. Kijana aliyeketi darasani tangu asubuhi, akaja kwako kwa hiari yake, kisha akakuta dawati jingine na karatasi nyingine za maswali, atakuja mara mbili au tatu na baada ya hapo hutamwona tena. Na asiyekuja hawezi kunufaika na chochote ulichomwandalia, hata kiwe kizuri namna gani. Idadi yako imeshuka kutoka 60 hadi 25 kwa sababu fulani, na kabla ya kuongeza kitu chochote ni lazima uijue sababu hiyo.

Marekani ilikwisha kujifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Serikali ya nchi hiyo iliidhinisha mwaka 1994 mpango wa kufadhili vituo vya jamii vya kujifunzia, na baadaye mpango huo ukawa chanzo kikuu cha fedha za shirikisho kwa programu za baada ya masomo. Tathmini yake ya kitaifa, ambayo ripoti ya mwisho ilitoka mwaka 2005, iliwalinganisha wanafunzi wa shule za msingi waliopewa nafasi kwa kura na wale walioikosa. Waliopewa nafasi walijiona wako salama zaidi katika saa za baada ya shule, lakini alama zao za mitihani hazikupanda kuliko za wenzao. Wapo waliodai kwamba matokeo hayo yalithibitisha kuwa programu hizi hazina maana. Mimi nayasoma kwa namna nyingine: kumweka mtoto ndani ya chumba chenye mtu mzima kunampa usalama, nao usalama ni jambo kubwa, ila hakumfundishi stadi yoyote mpaka awepo mtu aliyekusudia kumfundisha.

Hapo ndipo utafiti wa pili unapokufaa. Mwaka 2010 Joseph Durlak, Roger Weissberg na Molly Pachan walichapisha uchambuzi uliokusanya tathmini za makumi ya programu zilizolenga kukuza stadi za kijana za kujitawala na kuishi na wenzake. Waligundua kwamba programu zilizoleta mabadiliko ya kweli katika tabia, katika kuipenda shule, na hata katika alama za darasani, zilikuwa na sifa 4 kwa pamoja. Mafunzo yake yalipangwa kwa hatua zinazofuatana. Vijana walijifunza kwa kutenda. Ulitengwa muda maalumu kwa ajili ya stadi hiyo. Na kila mmoja, kijana na mlezi, yaani mtu mzima anayewaongoza vijana katika programu, alijua wazi ni stadi gani inayofundishwa. Zile zilizokosa sifa hizo karibu hazikuonyesha manufaa yoyote ya maana. Zingatia kwamba alama zilipanda hata katika programu ambazo hazikuwa za mazoezi ya mitihani.

Tuchukue mfano wa igizo. Kikundi kinachokutana kila Jumanne na kuigiza chochote kinachowajia kinajiburudisha, na burudani si dhambi. Lakini mlezi anayesema, "Wiki hizi 3 tunajifunza kumsikiliza mwenzako mpaka amalize, wiki 3 zinazofuata tunajifunza kukataa wazo la mtu bila kumdhalilisha, na mwisho wa muhula tutaonyesha igizo tulilolitunga wenyewe," huyo ameshaweka sifa zote 4 katika kazi ambayo vijana wanaipenda. Nenda sasa na ratiba yako, usome shughuli moja baada ya nyingine, ujiulize kila moja inafundisha nini, na kama kijana mwenyewe angeulizwa leo angeweza kukitaja.

Kuhusu mahudhurio, lifungue daftari lako ulisome kwa siku na kwa mlezi, wala usiishie kwenye jumla ya mwezi. Mara nyingi utakuta kwamba idadi inaanguka siku moja mahususi, au tangu mlezi fulani alipoondoka. Kisha watafute vijana 10 kati ya walioacha, uwaulize bila kuwalaumu. Wengine watakuambia wanawalea wadogo zao nyumbani, na hao hawakuacha kwa sababu ya ratiba yako. Huenda ukiwaruhusu waje na wadogo zao watarudi kesho.

Mfadhili naye aelezwe kwa heshima na mapema, kabla hajaandaa hukumu yake. Mpe vipimo ambavyo programu yako inaweza kweli kuvibadilisha ndani ya mwaka mmoja: siku ambazo kila kijana amehudhuria, utoro shuleni, kazi za nyumbani zinazokabidhiwa kwa wakati, na majibu ya vijana kwa swali la kama yuko mtu mzima pale ambaye wangemwendea wakiwa na shida. Ahadi ya alama ambazo huna uhakika nazo itakugharimu zaidi kuliko ukweli wa leo.

Kompyuta au walezi?

*Ni mweka hazina wa kamati ya wazazi. Tumepata mchango wa mara moja. Wengi katika kamati wanataka tununue kompyuta 8, kwa kuwa zinaonekana na mchangiaji ataweza kupiga nazo picha. Walezi wetu 2 wametuarifu kwamba wataondoka kwa sababu posho ni ndogo na haina uhakika. Mimi nipo upande wa walezi, ila sina hoja za kuwashawishi wenzangu.*

Upo upande sahihi, na hoja unazo tayari ndani ya barua yako. Kompyuta 8 bila mlezi zitafungiwa chumbani. Mlezi bila kompyuta bado ana mpira, karatasi, ngoma na sauti yake. Kijana humzoea mtu polepole, mara nyingi kwa miezi mingi, na mtu huyo anapoondoka ghafla kijana hajifunzi kwamba posho ilikuwa ndogo. Anajifunza kwamba watu wazima huondoka. Akishaondokewa na wawili au watatu, wa nne atamkuta amejifunga kabisa.

Waambie wenzako pia kwamba kazi hii ni taaluma. Nchini Uswidi, ambako vituo vya watoto vya baada ya shule vilianza na vyumba vya kazi za mikono vilivyofunguliwa Stockholm mwaka 1887, anayetaka kuwa mwalimu wa vituo hivyo leo husomea chuo kikuu kwa miaka 3, na mtaala wa taifa una sehemu yake inayohusu vituo hivyo. Kamati yenu haiwezi kufika huko kwa mchango mmoja, lakini inaweza kuacha kuiona kazi ya mlezi kuwa hisani ya mtu asiye na shughuli nyingine.

Kwa mchango wa mara moja, pendekezo langu ni hili. Wapeni walezi hao mkataba wa mwaka mzima wa shule, hata kama nyongeza ni ndogo, kwa sababu uhakika wa malipo humshikilia mtu kuliko ukubwa wake. Ndani ya malipo hayo wekeni saa za maandalizi, maana mlezi anayelipwa dakika zile tu anazokuwa na watoto hatapanga kitu. Na hesabuni watoto: viwango vinavyotumiwa sana Marekani kwa watoto wenye umri wa miaka 6 na zaidi ni mtu mzima 1 kwa watoto 10 hadi 15. Mkiwa mmevuka hapo, fedha hiyo ina kazi ya kuleta mlezi wa tatu kabla ya kufikiria kifaa chochote. Mchangiaji anayetaka picha apigwe picha akiwa na walezi.

Funguo za madarasa

*Mimi ni mwalimu mkuu. Programu ya jirani inaomba kutumia vyumba vyetu 3 baada ya masomo. Nahofia uharibifu na lawama.*

Mwalimu, hofu yako ina msingi, na dawa yake ni hati ya makubaliano ya kurasa 2 ambayo pande zote zitaitia saini kabla funguo hazijatoka ofisini. Iseme nani anafungua na nani anafunga, nani anafagia na saa ngapi, kitu kikivunjika nani analipa na ndani ya siku ngapi, kijana akiumia nani anampeleka hospitali na nani anamjulisha mzazi. Iwekeni na tarehe ya kuipitia upya kila muhula.

Ila nakusihi udai kitu kimoja ambacho barua yako haikukitaja. Mtake mratibu wao na mwalimu wako mmoja wakutane dakika 20 kila wiki, wazungumze juu ya mambo ya vijana yanayofaa kuzungumzwa bila kuvunja siri zao: nani ameanza kukosa shule, nani anahangaika na hesabu za sehemu, nani amebadilika ghafla. Mara nyingi shule na programu huishi chini ya paa moja kama wapangaji wasiosalimiana, na kijana anayezama huonekana na kila upande nusu nusu. Walimu wako wasilazimishwe kufundisha huko baada ya kazi. Anayependa aende, na alipwe.

"Pale ni pa watoto"

*Shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 16. Kituo chetu kina michezo ya kuruka kamba na kupaka rangi. Mimi na wenzangu tuliacha kwenda. Tulipolalamika tuliambiwa tuchague wawakilishi wawili wa kukaa kwenye kamati. Wawakilishi hao hukaa, husikiliza, na hakuna kinachobadilika. Tufanye nini?*

Marahaba, mwanangu, na asante kwa kuandika badala ya kunyamaza na kupotea. Malalamiko yako yana jina katika taaluma hii. Mwaka 1992 mtaalamu Roger Hart, katika maandishi yaliyochapishwa na UNICEF, alieleza ushiriki wa watoto na vijana kwa mfano wa ngazi yenye vidato 8. Katika vidato 3 vya chini, kijana hutumiwa na watu wazima, au huwekwa kama pambo, au hupewa kiti ambacho hakina sauti, na Hart alisema kwamba vyote vitatu si ushiriki. Wawakilishi wenu wamesimama kwenye kidato cha tatu. Wala hamwombi upendeleo: Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 12, unampa kila aliye chini ya miaka 18 na mwenye uwezo wa kuwa na maoni yake haki ya kuyatoa katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Kifungu cha 31 kinataja mapumziko na michezo kuwa haki, kwa hiyo msione aibu kudai nafasi yenu.

Sasa acheni kulalamika kwa ujumla. Ombeni jambo moja linaloweza kujibiwa kwa ndiyo au hapana. Kwa mfano, ombeni siku 2 za wiki, kwa saa zinazowafaa wakubwa, ambazo shughuli zake mtazipanga ninyi pamoja na mlezi mmoja, na ombeni kuoneshwa kiasi cha fedha kilichotengwa kwa siku hizo. Andikeni mpango wa wiki 6: mtafanya nini, nani ataongoza, mtahitaji vifaa gani, mtajuaje kama umefaulu. Vijana wa rika lenu hukaa mahali wanapojifunza kazi yenye manufaa, kama vile kurekodi sauti, kushona, kutengeneza baiskeli au kuendesha kikundi cha midahalo, na mahali wanapoaminiwa kuwaongoza wadogo. Kuwafundisha wadogo kuruka kamba, kwa mtu aliyepewa cheo na wajibu wake, si kazi ya kudharauliwa hata kidogo.

Kwa viongozi wa vituo wanaosoma jibu hili, nasema waziwazi: kijana mwenye umri wa miaka 16 halazimishwi na mtu kuja kwenu. Mkimkosa, mmemkosa katika umri ambao hatari za mitaani zimemzidi nguvu kuliko alipokuwa na miaka 8.

Mtoto anayebaki wa mwisho

*Ninajitolea kufundisha mara 2 kwa wiki. Kuna mvulana wa miaka 11 ambaye mzazi wake huchelewa, hivyo hubaki naye peke yangu karibu nusu saa. Ameniomba namba yangu ya simu ili aniulize maswali ya masomo. Naona si vibaya, lakini nimesita.*

Umefanya vema kusita. Sidhani hata kidogo kwamba una nia mbaya, na kanuni ninazokuandikia hazikutungwa kwa kukushuku wewe; zimetungwa kwa sababu mwenye nia mbaya huonekana kama wewe kabisa, mpole na mwenye kujitolea, na mtoto hana njia ya kuwatofautisha.

Kwa hiyo usibaki naye peke yenu ndani ya chumba kilichofungwa. Kaeni nje au ukumbini mahali mnapoonekana, na mwombe mratibu apange zamu ili watu wazima 2 wawepo mpaka mtoto wa mwisho aondoke. Namba yako ya simu usimpe mtoto. Mawasiliano yapitie simu ya kituo au kikundi ambacho mzazi na mratibu wamo. Mzazi anayechelewa kila siku aitwe kwa upole, asikilizwe, na kupatikane ndugu au jirani ambaye jina lake limeandikwa kwenye fomu kuwa anaruhusiwa kumchukua mtoto. Asiyeandikwa hapewi mtoto, hata akijitambulisha kuwa mjomba.

Kama kituo chako hakina kanuni hizi kwa maandishi, na kama hakikuwahi kuwauliza wanaokufahamu kuhusu mwenendo wako kabla ya kukupokea, mwambie mratibu kwamba hilo ni pengo linalopaswa kuzibwa wiki hii, kabla ya mambo mengine yote niliyoyaandika katika ukurasa huu. Na mtoto akikueleza jambo la kutisha, msikilize bila kumhoji, usimwahidi kwamba utalifanya siri, andika maneno yake kama alivyoyasema, kisha yafikishe siku hiyohiyo kwa mtu anayehusika na ulinzi wa watoto kituoni.

Ufadhili unaisha

*Ufadhili wetu wa miaka 3 unaisha baada ya miezi 14. Programu inapendwa na vijana na wazazi. Tuanzie wapi ili isifungwe?*

Una miezi 14, na hilo ni jambo jema, kwa kuwa wengi huandika barua kama yako zikiwa zimebaki wiki 6. Anza kwa kujua gharama halisi ya kumhudumia kijana mmoja kwa mwaka, pamoja na vitu mnavyopewa bure: chumba, umeme, saa za wanaojitolea. Bila hesabu hiyo hutaweza kumweleza mtu yeyote unachomwomba.

Pili, usimtafute mfadhili mmoja mwingine wa kuziba pengo lote. Utakuwa umeahirisha tatizo hilihili kwa miaka 3 mingine. Gawanya gharama katika sehemu: posho za walezi zitafutiwe chanzo cha kudumu, ambacho kwa kawaida ni bajeti ya serikali ya mtaa au ya shule, vifaa na safari ziombewe michango ya mara moja, wazazi wachangie kwa kadiri ya uwezo wao, na asiyeweza asitengwe wala kutajwa.

Sababu ya kusisitiza bajeti ya umma ni mfano wa Iceland. Mwaka 1998, asilimia 42 ya vijana wa huko wenye umri wa miaka 15 na 16 walisema walikuwa wamelewa ndani ya mwezi uliotangulia. Mwaka 2016 waliosema hivyo walikuwa asilimia 5. Hawakufika hapo kwa mabango ya kuwaonya vijana. Waliwapima vijana kwa dodoso la mara kwa mara na kurudisha majibu kwa kila mtaa na shule, wazazi wakaafikiana kuhusu saa za watoto kuwa nyumbani, na fedha za umma zikaongezwa kwa vilabu vya michezo, muziki na sanaa vyenye wakufunzi waliosomea kazi yao. Katika mji mkuu, Reykjavik, kila mtoto hutengewa ruzuku ya kulipia shughuli anayoichagua. Si haki kusema kwamba vilabu peke yake ndivyo vilivyoleta mabadiliko hayo, kwa kuwa mambo mengi yalifanyika kwa pamoja. Lakini yalidumu kwa zaidi ya miaka 15 kwa sababu yaliingia katika bajeti, na hayakutegemea huruma ya mwaka mmoja mmoja.

Kwa hiyo fahamu ni mwezi gani baraza lenu linaanza kuandaa bajeti yake, urudi nyuma miezi 4 kutoka hapo, na katika miezi hiyo waalike madiwani waje kituoni siku ya kawaida, si siku ya sherehe. Wakute vijana wakifanya kazi. Mkabidhi kila mmoja karatasi 1 yenye gharama kwa kijana, mahudhurio ya miaka 3, na barua fupi iliyoandikwa na kijana mwenyewe bila kusahihishwa. Orodha ya vijana wanaosubiri nafasi, kama mnayo, iwe imebandikwa ukutani karibu na mlango, pale ambapo kila anayeingia ataiona.